Kuskani slaidi za zamani nyumbani: dpi sio shida, shida ni kivuli

Nilianza kwa kupeleka slaidi kumi stationari, hapa hapa Mtwara mjini. Dogo akazipanga kwenye kioo cha ile mashine ya kopi, akafunga kifuniko, akabonyeza, ikatoka karatasi ina vimraba kumi vyeusi tii. Akaniangalia, na mi nikamwangalia. "Bro hizi zimeungua," akaniambia, na hela ya kopi akachukua.

Hazikuwa zimeungua hata moja. Ukiishika slaidi ukaielekeza dirishani unaona kila kitu, mnazi, mtumbwi, shati jeupe la mtu, rangi zimekolea kuliko hata simu yako. Kwa hiyo picha ipo, ila mashine haioni, na ukishaelewa kwa nini haioni umeshaelewa nusu ya kazi nzima. Naandika hii kwa sababu tangu niposti picha za babu kwenye grupu la ukoo watu kama wanne wamenifuata inbox wananiambia na wao kwao kuna boksi la hivyo vipicha, Masasi, Ndanda, Lindi mjini, mmoja Nachingwea, na kila mmoja ameshaambiwa na mtu fulani kwamba haviwezekani au vimeharibika.

Tuanze na kitu chenyewe kwa ambao hawajawahi kukishika. Slaidi ni kipande cha filamu, picha yenyewe ina milimita 24 kwa 36, imebanwa kwenye fremu ya karatasi ngumu au plastiki ya kama sentimita tano kila upande. Tofauti yake na negativu ni kwamba rangi zimekaa sawa, nyeupe ni nyeupe, nyeusi ni nyeusi, haikutengenezwa ili ichapwe karatasini, imetengenezwa ili taa ya projekta ipite katikati yake iangukie ukutani au kwenye shuka. Neno la kushika hapo ni ipite katikati. Mashine ya kopi na skana ya kawaida ya ofisini inamulika taa kutoka chini halafu inasoma mwanga uliogonga karatasi ukarudi. Sasa slaidi hairudishi mwanga, inaupitisha, unaenda zake juu kwenye kifuniko na kinachorudi ni kidogo sana na kimechoka. Ndio ule weusi wa stationari. Hata angekuwa na mashine ya milioni kumi angetoa vimraba vyeusi vilevile.

Kwa hiyo skana unayoitafuta ni ile yenye taa nyingine ndani ya kifuniko, taa juu, jicho la kusomea chini, slaidi katikati. Ukienda kununua muulize muuzaji kama inaskani filamu, na usiamini jibu lake, fungua kifuniko. Ndani utakuta kibao cheupe cha plastiki kinachochomoka, ukikichomoa nyuma yake kuna ufito wa kioo wa ile taa. Kama kifuniko ni cheupe tu na hakichomoki, hiyo ni ya karatasi, mwache nayo. Yangu ni ya mtumba nilimwagiza jamaa Kariakoo, ikaja na basi imefungwa kwenye blanketi, na jioni ya kwanza niliskani slaidi nne zikatoka nyeusi tena, nikamtukana jamaa kimoyomoyo, kumbe kile kibao cheupe nilikiacha hapohapo kwenye kifuniko na kimeziba taa yote. Halafu nikakosea la pili, kile kishikio cha plastiki cha kupangia slaidi kina uwazi mwembamba kwa juu, mi nikaona ni nafasi ya bure nikaweka kikaratasi cha namba, kumbe pale ndipo skana inapoupima mwanga wake mtupu kabla ya kuanza kazi. Ukipaziba picha zinatoka na mistari na rangi za ajabu. Paache wazi na pawe pasafi.

Zipo pia skana za filamu tu, ndogo, haziskani karatasi kabisa. Za zamani za Nikon zinazoitwa Coolscan mpaka leo watu wanazigombania, za mwishoni zinasoma 4000 dpi (nukta kwa kila inchi, nakuja huko) za kweli, lakini zimeshaacha kutengenezwa na laptopu za sasa hazizitambui, inabidi utumie programu kama VueScan ambayo inajua kuongea na skana nyingi zilizotelekezwa na waliozitengeneza. Kwa mtu mwenye slaidi mia mbili za familia mi nasema ile ya kifuniko chenye taa inatosha.

Basi tuje kwenye hizo dpi maana ndipo watu wanapopigiwa. Boksi la skana limeandikwa 6400 kwa herufi kubwa, mwenzake 9600, na muuzaji atakwambia hii kali zaidi. Dpi ni idadi ya nukta inazosoma kwa kila inchi moja. Slaidi ina urefu wa kama inchi mbili hivi ukihesabu na fremu, picha yenyewe ni inchi 1.4. Ukiskani kwa 300 kama karatasi ya cheti cha kuzaliwa unapata kapicha ka pikseli 425 kwa 283, hako hata kwa profaili picha kanatia aibu. Kwa 2400 unapata 3400 kwa 2270 hivi, karibu megapikseli 8. Kwa 6400 unapata megapikseli 55, na hapa ndipo uongo unapoanza, maana skana za nyumbani zinazoandikwa 6400 ukizipima kwa chati ya majaribio nyingi zinaishia kati ya 1500 na 2300 za kweli. Zilizobaki ni mashine inakuza ukungu wake yenyewe. Faili linakuwa zito, undani wa picha hauongezeki.

Mi chati ya majaribio sina, nilitumia kanga.

Kuna slaidi moja wanawake watatu wamesimama mbele ya nyumba ya udongo, kanga zimefungwa kiunoni, na kanga kama unavyojua ina jina lake chini pale karibu na pindo. Kwa 300 dpi jina lilikuwa mstari wa sisimizi. Piga hesabu uone, herufi ya kanga ina kama sentimita nne, mwanamke mzima wa mita 1.7 kwenye ile slaidi ana urefu wa milimita nane tu, kwa hiyo ile herufi kwenye filamu ina milimita 0.19, na kwa 300 dpi hiyo ni pikseli mbili. Hakuna herufi inayoandikika kwa pikseli mbili. Nikapandisha 1200, sisimizi wakaanza kuwa na miguu. Kwa 2400 ikasomeka vizuri, WEMA HAUOZI. Nikaenda 4800 nikangoja dakika nyingi, feni ya laptopu ikalia kama mashine ya kukoboa, na WEMA HAUOZI ikawa ileile haijaongezeka hata ncha. Nikarudi 2400 nikakaa hapo. We tafuta kanga yako, au namba ya gari, au kibao cha duka, skani mara tatu nne ukipandisha, pale inapoacha kuongezeka ndio mwisho wa skana yako bila kujali boksi linasema nini.

Nisipowaambia hili la pili nitakuwa nimewadanganya. WEMA HAUOZI nilipoisoma mara ya kwanza ilikuwa imegeuka, inaanzia kulia, herufi zimepinduka kama ambulensi. Slaidi arobaini za kwanza nilizilaza kwa upande usio wake na sikujua. Nilikuwa nimeshampelekea bibi Mikindani kwenye laptopu, yuko kibarazani anamenya ming'oko, nikampa shikamoo nikamfungulia picha ya babu yuko kwenye karakana ya misheni na msumeno. Akaangalia weee. "Huyu nani?" "Bibi si babu huyo." Akafuta mikono kwenye kanga akasogea. "Babu yako hakuwa mashoto, mume wangu. Huyu anakata kwa mashoto." Basi nikacheka nikamwambia macho yako bibi, nikarudi zangu nyumbani na usiku ule ndio nikafika kwenye zile kanga tatu.

Slaidi ina upande unaong'aa na upande uliofifia. Ule uliofifia ndio wenye dawa, yani lile tabaka lenye picha, na kwenye Kodachrome, aina ya filamu ya slaidi ya kampuni ya Kodak, ukiinamisha kwenye mwanga utaona picha imeinuka kidogo kama imechorwa kwa sindano. Ukiwa unaitazama na upande unaong'aa umekuelekea wewe, picha ipo sawa, kushoto ni kushoto. Fremu nyingi pia zina maandishi ya Kiingereza yanayosema upande huu uelekee skrini, huo ni upande wa dawa. Kwenye skana nyingi za nyumbani unaong'aa ndio unalala chini kwenye kioo, ila yako ijaribu kwa slaidi moja yenye maandishi kabla hujaenda mbali. Na kama umeshakosea kama mimi usiskani upya, kompyuta inageuza kwa kubonyeza mara moja.

Vumbi. Kitu chenye ukubwa wa stempu ukikikuza mpaka kijae skrini, unyoya wa vumbi unakuwa kama kamba ya kuanikia nguo. Usipulize kwa mdomo, mate yanaruka na mate yakikauka hayatoki. Mi natumia ile balbu ya mpira ya kuvuta kamasi za mtoto, mpya, napuliza pande zote mbili, halafu brashi laini, basi. Skana nyingi zina msaada mwingine unaoitwa Digital ICE na ni akili nzuri sana nataka muielewe. Skana inapita mara mbili, mara ya pili kwa mwanga wa infraredi ambao jicho halioni. Rangi za filamu ni wino tu na infraredi inapenya humo kama hazipo, lakini vumbi na mikwaruzo vinaizuia, kwa hiyo mashine inapata ramani ya uchafu mtupu bila picha, inaenda kwenye picha kuziba sehemu zilezile. Inashangaza ukiona.

Ila ina masharti. Filamu ya rangi nyeusi na nyeupe ya zamani picha yake ni fedha halisi, madini, na fedha inazuia infraredi kama vumbi, kwa hiyo ICE inaona uso wa bibi yako wote ni uchafu na inaufuta. Kodachrome nayo inasumbua, wino wake mmoja unakamata infraredi kidogo na ile dawa imeinuka, kwa hiyo kwenye kingo kali, mfano waya wa umeme angani au upindo wa shati, unakuta mashine imekula. Baadhi ya skana zimeweza hilo, ya kwangu haijaweza. Kodachrome naskani ICE imezimwa na naondoa vumbi kwa mkono kwenye kompyuta nikisikiliza redio.

Na sisi wa pwani tuna ukungu. Mvua za huku zinaanza Novemba au Desemba mpaka Aprili hivi, bati linakaa na unyevu, na kuvu inakula ile dawa maana ndani yake ni jelatini, ni chakula kabisa. Inaonekana kama buibui mweupe anatambaa kutoka kona. Usipanguse kwa maji! Jelatini iliyoliwa na kuvu inakuwa nyepesi kuyeyuka, maji yanaondoka na picha. Wala ile spiriti ya kufutia vidonda ya asilimia 70, iliyobaki 30 mle ni maji. Inatakiwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 au kisafishio cha filamu, kwa ncha ya pamba, taratibu, tena anza na slaidi usiyoijali. Kama kuvu imeshaingia ndani ya dawa hakuna kisafishio, skani hivyohivyo ulivyoikuta. Mi kazi hii naifanya wakati wa kusi hewa ikiwa kavu, na baada ya kuskani zinarudi kwenye kopo la kufunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya. Sio darini, joto la bati linaua rangi.

Sasa kivuli, ambako ndiko nilitaka kufika tangu mwanzo.

Mwalimu aliyepiga hizi picha alikuwa Mwingereza, alipoondoka akamwachia babu boksi zima maana babu ndiye alikuwa seremala wake wa kila kitu. Alikuwa anapiga saa sita mchana Mikindani, jua la kupasua kichwa, ukuta wa chokaa, mchanga, mashati meupe. Filamu ya slaidi haisamehe, ukikosea mwanga kidogo tu nyeupe inakufa, kwa hiyo mpigaji anapima kwa ajili ya nyeupe. Watu wenyewe ni weusi, wengine wako barazani, wengine wana kofia, na nyuso zao zote zinaangukia kule chini kabisa kwenye giza la slaidi ambako dawa ni nzito mno. Sehemu nyeusi kabisa ya slaidi inaweza kuwa inapitisha mwanga sehemu moja tu kati ya 4000. Projekta yenye taa kali kwenye chumba chenye giza ilikuwa inazitoa zile nyuso. Skana ya nyumbani ikiachiwa ijiamulie yenyewe inaangalia picha nzima, inaona nyeupe tele, inatulia na kusema mwanga unatosha, na pale chini inakata. Unapata ukuta mzuri, anga nzuri, na mashati yanayotembea bila vichwa.

Na hii sio ajali ya skana peke yake, mambo ya picha za rangi yalivyojengwa tangu zamani mtu mweusi hakuwa kipimo. Kodak kuanzia miaka ya 1950 ilikuwa inasambaza kwa maabara za kuchapa picha kadi za kupimia rangi zenye sura ya mwanamke mzungu, wakaziita kadi za Shirley, fundi anarekebisha mashine mpaka ngozi ya yule mama itoke vizuri, basi dunia nzima imetoka vizuri. Slaidi haipiti kwenye hatua hiyo ya kuchapwa lakini we mwenyewe ukiachia kitufe cha auto unarudi kulekule, mashine inachagua kinachong'aa. Kwa hiyo kwa picha zetu maelekezo mengi ya mtandaoni ya kuskani yanakupoteza, wanakwambia linda anga isiungue. Mi nasema linda uso, anga ya Mikindani tunaijua.

Unafanyaje. Zima auto zote, ya mwanga, ya rangi, ya kunoa. Chagua kuskani biti 48, yani 16 kwa kila rangi. Biti 8 ina ngazi 256 kutoka nyeusi mpaka nyeupe, 16 ina ngazi 65,536, na tofauti huioni kwa macho mpaka siku unataka kuinua giza, maana pale chini kwenye biti 8 uso mzima umepewa ngazi labda kumi na ukiinua unapasuka vipande kama matope yaliyokauka. Tafuta setingi ya mahali nyeusi inapoanza, watu wa programu wanaiweka ikate kidogo ili picha ionekane kali, we iweke sifuri isikate chochote. Picha itatoka imepauka, mbaya, usiogope, hiyo ndio yenye kila kitu. Kama programu yako ina kuskani mara mbili kwa mwanga tofauti iwashe, mara moja kwa ajili ya nyeupe, mara ya pili polepole kwa ajili ya giza, halafu inaziunganisha. Kama haina, fanya mwenyewe, skani kawaida, halafu skani tena umepandisha mwanga mpaka ukuta umeungua mweupe lakini macho ya watu yanaonekana. Weka zote mbili. Ukishapata hiyo ndio unaenda kwenye kompyuta na ile mistari ya kupinda (programu zinaiita curves), unainua sehemu ya chini kidogo kidogo. Zitatokea chembechembe nyekundu na kijani kwenye giza, hizo ni kelele za skana, ukiiambia isome kila mstari mara nne zinapungua, muda unaongezeka.

Nilimalizia na ile karakana. Slaidi ile kwa auto ilikuwa na babu, benchi, msumeno, na nyuma yake mlango, mlango ni mstatili mweusi tu. Nilipoiskani mara ya pili kwa mwanga mwingi nikaona kwenye mlango kuna kitu. Nikainua. Kuna mtoto wa kiume amesimama ameegemea fremu, kaptula, tumbo wazi, mkono mmoja umefungwa ngumi. Hakuna mtu aliyewahi kujua yupo. Jumapili nikaenda Mikindani, bibi hakuuliza hata sekunde. "Huyo mtoto wa fundi baiskeli. Alikuwa anatuibia misumari huyo, angalia mkono."

Rangi ni mjadala mwingine na siumalizi. Slaidi za Kodachrome zikikaa gizani rangi zake zinadumu mno, za babu za miaka ya 60 utadhani za jana. Ila hizohizo ukizionyesha kwa projekta kila sikukuu zinafifia haraka, kwa hiyo kama mna projekta inayofanya kazi msizirushe, angalieni kopi. Ektachrome za zamani na nyingine za aina hiyo zinageuka nyekundu kama juisi ya rosela hata zikiwa gizani, kwa sababu wino wa bluu-kijani ndio unaokufa kwanza. Skana nyingi zina kitufe cha kurudisha rangi, kinajaribu, lakini hakijui kanga ilikuwa kijani au bluu. Mi namuuliza bibi, akisema ilikuwa ya kijani cha embe bichi navuta mpaka aseme hapo hapo. Mafundi wa kweli wana kadi maalumu za rangi, mi nina bibi.

Tarehe tazama kwenye fremu. Kodachrome, iliyoanza kuuzwa kwa kamera hizi za milimita 35 mwaka 1936, rangi zake zilikuwa zinawekwa wakati wa kusafishwa, haziko kwenye filamu yenyewe, kwa hiyo fundi picha wa mtaani hawezi, lazima uirudishe kwa posta kwenye maabara maalumu, na nyingi za fremu zake zilipigwa muhuri wa mwezi na mwaka. Huo ni mwezi wa kusafisha sio wa kupiga, na kutoka Mtwara mpaka ng'ambo na mtu alikuwa anangoja filamu iishe kwanza, ondoa miezi kadhaa. Ilikoma kutengenezwa 2009 na maabara ya mwisho, Dwayne's Photo kule Kansas Marekani, iliacha kuipokea mwisho wa 2010, kwa hiyo ukikuta moja haijasafishwa usijisumbue. Zisizo na muhuri unatumia kichwa. Kuna moja ina behewa na kichwa cha treni karibu na bandari, wadogo zangu wakabisha eti hiyo ni Tanga, Mtwara haijawahi kuwa na treni. Ilikuwepo, ile reli ya mradi wa karanga wa Waingereza mpaka Nachingwea, mradi ulikufa 1951 lakini reli ikajikongoja mpaka ilipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 60. Basi picha haivuki hapo.

Kuhifadhi nitapita haraka. Andika namba kwa penseli kwenye fremu kabla hujaanza, na namba hiyohiyo iwe jina la faili. Skani ya kwanza weka TIFF, faili zito lisilopoteza kitu, kwa 2400 na biti 48 ni kama MB 46 moja, kwa hiyo slaidi zangu 183 hazifiki GB 9, flashi ya kawaida inabeba. JPEG, zile nyepesi, tengeneza za kutumia watu. WhatsApp inakaba picha, tuma kama dokumenti la sivyo sisimizi wanarudi kwenye kanga. Weka sehemu tatu, moja isiwe nyumba hiyohiyo, upepo wa chumvi wa huku unakula flashi kama unavyokula mabati. Na umeme ukiwa wa kukatika save kila slaidi nne, mi nilishapoteza jioni nzima kwa kungoja nimalize zote.

Nne nne kwenye kile kishikio, kama robo saa kila kikijaa, na ICE na kupita mara mbili, slaidi 183 ni saa kumi na moja na ushee za mashine, ukiongeza kupuliza vumbi na kubishana na bibi zidisha mara tatu. Nimefika 160. Zilizobaki 23 zina yule buibui mweupe, nimezifungia kwenye kopo na vipakiti vya viatu, nangoja kusi.